Mama Kete, mbuni wa mchezo usiomhurumia mtu

Saa tisa alasiri, Jumamosi. Chumbani kuna meza moja, viti vinne na watu wanne wasiofahamiana: dereva wa teksi, muuza dawa, mwanafunzi wa ualimu, na mstaafu mmoja aliyeingia, kwa maneno yake mwenyewe, "kupisha jua tu." Katikati ya meza kuna boksi la mraba, kimo chake shubiri moja. Kila upande wa boksi umeshonewa mkono wa kitambaa, kama mkono wa shati.

Dereva anatumbukiza mkono wake mpaka kwenye kiwiko. Anapapasa. Anakunja uso.

"Hii hapa ya nani?" anauliza.

"Nikuambie ili iweje?" muuza dawa anamjibu, na meza nzima inacheka.

Hatua tatu nyuma yao amesimama mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, daftari mkononi, kalamu mdomoni. Dereva anamgeukia. "Mama, hapa sheria inasemaje?"

Mwanamke hajibu. Ananyoosha kidole kwenye karatasi ya sheria iliyo mezani, kisha anaandika kitu daftarini. Dereva akirudia swali, yeye anarudia kidole.

"Wanapouliza, ulimi unaniwasha," anasema baadaye, wageni walipokwisha kuondoka wakiwa bado wanabishana. "Lakini nikijibu nimejidanganya mwenyewe. Mtu akinunua boksi hili, mimi siuzwi pamoja nalo. Karatasi ikishindwa kusema, kosa ni langu, si lake."

Leo dereva ameuliza swali lilelile mara mbili. Kwa hiyo sentensi ya tisa kwenye sheria itaandikwa upya.

Mtaani anajulikana kama Mama Kete. Ana miaka arobaini na minane, na kazi yake, ambayo anasema bado anaieleza upya kila anapojaza fomu, ni kubuni michezo ya mezani. "Kwenye fomu moja niliandika 'mbuni wa michezo.' Karani akaniuliza nafundisha mpira au riadha. Nikamwambia nafundisha watu kukaa kitako."

Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi na mumewe, ambaye ni kinyozi. Ukutani pamepangwa rula za chuma, visu vya kukatia karatasi, chupa za gundi na mitungi ya plastiki iliyojaa vifungo. Sakafu imefagiliwa safi, ila vumbi la msasa halikubali kuondoka. Kadibodi zimesimama wima nyuma ya mlango, na mgeni asiyejua akisukuma mlango kwa nguvu husikia kilio kutoka ndani: "Taratibu, jamani!"

Kadibodi anazijua kama mpishi anavyojua moto. Aliajiriwa kwenye kiwanda cha maboksi akiwa na miaka ishirini na miwili, kitengo cha kukata kwa mkono. Walikuwa wanawake sita. Walikata maboksi ya viatu, ya dawa, ya sabuni, na walilipwa kwa idadi, si kwa saa. Siku nzuri alikata mia nne. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kina makovu saba, na kila kovu analijua lilitokana na boksi la nini.

"Nilikata maboksi miaka kumi na tisa bila kujiuliza ndani kunawekwa nini," anasema. "Baba ndiye aliyenifanya nijiulize."

Baba yake alikuwa fundi saa. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikaa kwenye kibanda chenye upana wa mlango, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni, akichokoa vyuma vyembamba kuliko unyoya. Jioni akifunga kibanda, alicheza drafti barazani na wenzake wanne. Kumfunga mzee huyo drafti ilikuwa habari ya wiki nzima.

Halafu presha ya macho ikamnyang'anya nuru. Lilianza jicho la kulia, na miaka miwili baadaye likafuata la kushoto. Wenzake hawakumtupa. Waliendelea kuja barazani, wakamtajia kila kete ilipo, wakamsogezea zake alivyowaelekeza. Na mzee akawa anashinda. Alishinda Jumatatu, akashinda Jumanne, akashinda wiki nzima.

Jumapili moja alishinda tena, wakampigia makofi. Mzee akaupapasa ubao, akaukunja, akaufunga kwa kamba.

"Macho ndiyo yaliyopofuka," aliwaambia. "Akili bado inaona. Mnaniachia. Mtu akinihurumia kwenye drafti ameshanizika, kilichobaki ni udongo. Nendeni nyumbani, na ahsanteni."

Binti yake alikuwa mlangoni, ameshika sinia la chai. "Sikuwahi kumwona baba akilia, na siku ile hakulia. Ila alikaa hivi," anasema, na anaviweka viganja vyake juu ya magoti, vimefungwa. "Mikono ya fundi saa, haina kazi. Hapo ndipo moyo uliponiuma."

Miezi mitatu mzee hakutoka kwenda barazani.

Mama Kete hakuwa na mpango wowote wa kuwa mbuni. Alichokuwa nacho ni hasira na mabaki ya kadibodi. Wazo la kwanza lilikuwa kumtengenezea baba ubao wa drafti wenye matundu, kete zisiteleze. Mzee aliupapasa, akamrudishia. "Mama," alimwambia, kwani ndivyo anavyomwita binti yake, "wao watauona wote kwa mara moja, mimi nitausoma tundu kwa tundu. Watanisubiri. Na anayekusubiri ameshaanza kukuhurumia."

Jibu hilo lilimkaa kichwani siku nyingi. Akiwa kazini, anakata maboksi ya sabuni, likamjia wazo lililogeuza kila kitu. Alikuwa akihangaika jinsi ya kumfanya baba aone. Kwa nini asiwafanye wengine wote wasione?

Jioni ile alichukua boksi kubwa, akalitoboa pande mbili, akafungua kabati la mumewe na kukata mikono ya shati.

"Si shati kuukuu," mumewe, kinyozi, anakatiza kutoka chumba cha pili. "Mweleze mwandishi. Lilikuwa shati jipya!"

"Lilikuwa na kola mbaya," Mama Kete anajibu.

"Siku ya pili yake nimekwenda saluni na mikono mifupi bila kupenda."

Mchezo huo aliuita Papasa. Ndani ya boksi kuna ubao wenye matundu sitini na manne. Kila mchezaji ana kete kumi zenye kijiti chini cha kuchomeka: za mmoja ni laini na mviringo, za mwingine zina kona, za mwingine zimechimbwa katikati, za mwingine zimebandikwa msasa. Lengo ni kujenga njia kutoka upande wako hadi upande wa pili kabla mwenzako hajakuzibia. Hakuna anayeona kitu. Mkono unaingia, unapapasa, unachomeka kete moja, unatoka.

Siku ya kwanza mzee alicheza na mkwewe, kinyozi. Akamfunga. Akacheza na binti yake, akamfunga. Mama Kete alikwenda kulala akiimba. Mzee aliendelea kushinda mara kumi na moja mfululizo, na ya kumi na mbili akagoma.

"Vidole vyangu vimeshika saa miaka arobaini," alisema. "Nikiingiza mkono mara moja tu naujua ubao mzima. Nyinyi mnahangaika kama kuku kwenye ghala. Mchezo ambao mmoja anashinda kila siku si mchezo, ni adhabu. Kwanza waliniachia wao, sasa nawaonea mimi. Tofauti iko wapi?"

Mama Kete anakiri kwamba alitamani kulitupa boksi barabarani. Lakini alijua baba yake amesema kweli. Kwa miezi kumi na minne alibadilisha: ukubwa wa matundu, idadi ya kete, muda wa mkono kukaa ndani. Kila toleo alilipa namba na kuliandika daftarini, na chini yake maneno ya baba. Toleo la tano: "Linachosha." La nane: "Mtoto wa miaka minne atalala." La kumi na sita halina neno, limechorwa msalaba tu.

Toleo la ishirini na tatu lilipatikana kwa bahati. Kete mbili zilipotea, na kwa kuwa mzee alikuwa ameshakaa kitini, Mama Kete aliziba pengo kwa vifungo viwili vya koti, laini kama yai, visivyo na alama yoyote. Mchezo ukaendelea. Mara mkono wa mzee ukasimama ndani ya boksi.

"Hiki cha nani?"

"Changu, baba," mkwewe akajibu upesi.

Hakikuwa chake. Kilikuwa cha mzee mwenyewe, alikichomeka zamu tano nyuma na kukisahau. Mzee akaamini, akaizunguka njia yake mwenyewe, na dakika chache baadaye kinyozi akafika upande wa pili.

Mama Kete anasema alimtazama mumewe kwa jicho la kumla mzima mzima. Kumdanganya mzee, tena kipofu, tena mkwe!

Mzee akatoa mkono taratibu. "Umenidanganya," alisema.

"Nimekudanganya, baba. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mpumbavu wewe? Panga upya!"

Walicheza mpaka chakula kikapoa mezani. Tangu siku hiyo kila mchezaji wa Papasa ana kete tatu zisizo na alama, ziitwazo kete bubu. Vidole havizijui. Ni kumbukumbu yako, na ulimi wa mwenzako, na juu yako kuamini au kukataa. Fundi saa akapata mchezo ambao anaweza kushindwa kihalali, na wiki iliyofuata akatuma ujumbe kwa wenzake wanne kwamba baraza limefunguliwa.

Kiwanda nacho kilinunua mashine. Mwaka huohuo kitengo cha kukata kwa mkono kilifungwa, na wanawake sita wakapewa malipo ya miezi minne na barua ya shukrani. Watano walitafuta vibarua kwingine. Mama Kete alinunua kadibodi.

Mwaka wa kwanza aliuza maboksi kumi na tisa tu. Boksi moja huuzwa kwa bei ya jozi ya viatu vya shule na humchukua siku moja na nusu kulitengeneza, kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi: nyumba ililishwa na mkasi wa kinyozi. Katika mwaka wa pili alikuja mfanyabiashara mwenye duka kubwa la vitu vya watoto. Aliupenda mchezo. Alitaka maboksi mia tano kwa mpigo, ila kwa sharti moja: kifuniko kiwe cha plastiki angavu.

"Aliniambia watu wanapenda kuona wanachocheza," Mama Kete anakumbuka. "Nikamwambia, kaka yangu, wakiona, baba yangu ametoka mchezoni. Akasema, 'Mama, mzee wako ni mteja mmoja.'"

Alikataa. Hakumwambia mumewe mpaka jioni ya pili, na alipomwambia, alikuwa ameshajiandaa kwa ugomvi. Kinyozi alimaliza kula, akanawa mikono, akauliza swali moja: "Ulimkatalia kwa adabu?" Alipojibiwa ndiyo, akasema, "Basi. Ningekuwa mimi ningemtukana."

Kipigo kilichomwuma kuliko vyote hakikutoka kwa mfanyabiashara. Kilitoka kwa mtu aliyemsifu.

Mwalimu mmoja wa shule ya watoto wasioona, ambaye naye haoni, alisikia habari za Papasa, akaagiza boksi moja. Mama Kete alilipeleka mwenyewe, kifua mbele. Mwalimu alilipapasa lote, akazisifu kete, akausifu mshono. Kisha akaishika karatasi ya sheria, akaigeuza upande huu na ule, akaipitisha kidole.

"Mama, kazi nzuri sana," alisema. "Sasa hii karatasi, anisomee nani?"

Mama Kete anasema alihisi kama amemwagiwa maji baridi mbele za watu. Miaka mitatu alikuwa akitengeneza mchezo ambao asiyeona na anayeona wanakaa sawa, na mlango wa kuingilia ameuandika kwa wino.

"Niliomba radhi. Mwalimu akacheka, akasema radhi haisomeki kwa kidole. Akaniambia darasa la kwanza linaanza Jumatatu."

Alidhani ni utani. Haukuwa utani. Kwa miezi mitano, siku tatu kwa wiki, mwanamke wa miaka arobaini na minne alikaa kwenye dawati fupi, magoti yamegusa kidevu, akijifunza nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, pamoja na watoto wa miaka sita. Kuandika kulimtoa jasho: unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa maneno yasomeke. Mtihani wa kwanza alipata alama nne katika ishirini. Jirani yake wa dawati, mwenye pengo la meno mawili, alimfariji: "Usijali, shangazi, hata mimi nilianza hivyohivyo mwaka jana."

Sasa kila boksi lina sheria za aina mbili, za wino na za nukta nundu, na zote anaziandaa mwenyewe. Mumewe anadai tangu ajifunze nukta nundu, mkewe hupapasa kila kitu dukani kabla ya kukinunua, hata mchele.

Baba yake, aliyepofuka uzeeni, alikuwa amekataa katakata kujifunza. Alisema herufi alizo nazo zinamtosha mpaka kaburini. Kilichombadilisha ni ubishi. Jioni moja alishindwa mchezo kwa kifungu cha sheria alichodai hakikuwepo.

"Kipo, baba. Nimekiandika mimi."

"Ndiyo maana sikuamini. Nifundishe hayo manundu yako. Nataka nisome mwenyewe, usije ukanitungia sheria usoni."

Alisoma ukurasa wake wa kwanza akiwa na miaka sabini na saba. Kifungu kilikuwepo.

Mwaka jana shule ile iliandaa mashindano ya kwanza ya Papasa. Ukumbi wa chakula ulitolewa viti vya ziada, meza nane zikapangwa, na wachezaji thelathini na wawili wakaandikishwa: wanafunzi, wazazi, walimu, majirani, muuguzi mmoja na polisi wawili. Nusu wanaona, nusu hawaoni. Mtangazaji alipoombwa awataje wasioona ili waanze mbele ya wenzao, Mama Kete alimnyang'anya kipaza sauti kwa upole akakizima.

Fundi saa alishinda raundi mbili. Raundi ya tatu alikutanishwa na mwanafunzi wa kike wa miaka kumi na miwili, asiyeona tangu kuzaliwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una vidole?"

"Ninavyo kumi, babu. Vinanitosha."

Walicheza dakika arobaini. Meza nyingine zilimaliza, watu wakaja kuwazunguka. Mama Kete alisimama nyuma ya baba yake, lakini daftari alilisahau kitini. Karibu na mwisho mzee aliuliza kuhusu kete bubu moja, na msichana akajibu kwa sauti tulivu kabisa, "Yako hiyo, babu." Mzee akafikiri. Akaamini. Zamu mbili baadaye msichana akagonga meza: amefika, kwa kupitia kete hiyohiyo.

Mzee alibaki na mkono ndani ya boksi. Vidole vyake vilifuata njia ya mpinzani kete kwa kete, kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka vikahakikisha.

"Mjukuu wangu," alisema. "Sema kweli. Hukunihurumia hata kidogo?"

"Kukuhurumia?" Msichana alionekana kushangaa kweli. "Babu, mimi nimekuwinda tangu kete ya kwanza."

Mzee akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, machozi yakimtoka, na ukumbi mzima ukacheka naye bila kujua vizuri unachekea nini. Mama Kete alijua. Alitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji, akalia kwa raha zake.

"Watu huniuliza siku gani nilijivunia zaidi," anasema. "Wanadhani nitataja tuzo, au siku niliyotoka gazetini. Ni siku baba yangu alipofungwa na mtoto wa miaka kumi na miwili, na akatoka pale amenyooka kama mlingoti."

Mwaka huo aliuza maboksi mia tatu na arobaini. Amewaajiri wawili kati ya wale wenzake watano wa kiwandani, mmoja wa kukata na mmoja wa kushona, na anawalipa kwa siku, si kwa idadi. "Boksi la haraka lina kete inayochoma kidole," anaeleza. Kilio chake cha sasa ni rafu. Maduka mawili yamekubali kuuza Papasa, na yote mawili yameiweka kwenye kona ya vifaa vya walemavu, kando ya fimbo na magongo. Kila mwezi anakwenda kuzungumza nao. Anataka boksi lake likae na drafti na karata, mahali ambapo mtu mwenye macho mawili mazima atalichukua kwa sababu anataka kucheza.

"Sitafuti huruma ya mtu," anasema. "Natafuta wachezaji."

Wakati huohuo juu ya meza ya kazi kuna kitu kipya kimefunikwa kwa gazeti. Miezi miwili iliyopita fundi cherehani mmoja mstaafu alibisha hodi. Mkewe, alisema, amepatwa na maradhi ya kusahau. Zamani walicheza karata kila jioni, na sasa mkewe husahau zamu yake, akijua amesahau hulia, na yeye hajui la kufanya. Aliuliza kama upo mchezo wowote kwa mtu wa namna hiyo.

Mama Kete alitafuta, hakuupata. Kwa hiyo ameanza kuubuni: mchezo ambao kusahau si kosa, ambao kila zamu ni mwanzo mpya, na bado mtu anaweza kushinda na kushindwa kihalali.

Amefika toleo la tatu. Analifunua, analitazama, anatikisa kichwa.

"Yote matatu ni mabaya," anasema, na uso wake hauna hata chembe ya wasiwasi. "Jumatatu yule mama anakuja kuchezea la nne."